Chini ya Fundo

Shamba la bondeni halikuwa kubwa. Ukisimama ukingo huu ukaita, mtu wa ukingo wa pili anakuitikia bila kuinua sauti. Lakini udongo wake ulikuwa mweusi, mvua ya Novemba ikinyesha unyevu unakaa mpaka Machi, na Mumbua alikuwa amelilima kwa miaka tisa. Mbaazi zake za pale zilijulikana soko zima la Mbumbuni. Mwanamke akichota kiganja kimoja kutoka guniani, kabla hata ya kuuliza bei, anasema, "Hizi si za bondeni?" Naye Mumbua anajibu, "Ni zangu."

Mbaazi zilikuwa zake, ndiyo. Shamba halikuwa lake. Lilikuwa la mama mkwe wake, Kalondu, ambaye wake wa wanawe walimwita Mwaitu, yaani mama yetu. Tangu mzee wake alipofariki, mashamba yote yalibaki chini ya ulimi wa huyo mama. Mwaka huu anasema lima hapa, mwaka ujao anasema hapo acha, na hakuna wa kumuuliza.

Mumbua aliolewa na Kivuva, mtoto wa kwanza, aliyefanya kazi bandarini Mombasa na kuonekana nyumbani Krismasi. Mtoto wa mwisho, Ndolo, alikuwa fundi wa mawe kule Sultan Hamud. Oktoba ya mwaka wa 1980 alileta mke, na mke mwenyewe hakuwa Mkamba. Aliitwa Wanjiro. Baba yake, Waithaka, alikuwa na duka pale kwenye barabara ya Mombasa, lakini msichana alikuwa amelelewa na nyanya yake Murang'a. Alikuwa amekaa Sultan Hamud miezi minane tu kabla Ndolo hajamwona akipima sukari.

Mumbua alipomwona alifurahi. Alijiambia, huyu wa kupima sukari jembe litamtoa malengelenge siku ya kwanza, na Mwaitu atajua mke wa kazi ni nani. Malengelenge yalitoka kweli. Wanjiro akayafunga na kitambaa, akaendelea kulima.

Na Mwaitu akampenda, jamani. Hawakuwa na lugha moja. Kiswahili cha Mwaitu kilikuwa cha kuuza kuku, na Kikamba cha Wanjiro kilikuwa salamu tu. Lakini jioni ungewakuta jikoni, mmoja anaonyesha kwa mikono, mwingine anaigiza, wote wawili wanacheka mpaka Mwaitu anashika mbavu. Mumbua, aliyekuwa na Kikamba chote kinywani tangu azaliwe, hakuwahi kumchekesha huyo mama hivyo hata siku moja. Alikuwa akipita na debe lake la maji, anasikia kile kicheko, na maji yanakuwa mazito.

Wiki mbili baada ya harusi, lori lilisimama barabarani likateremsha miche kumi na moja ndani ya mifuko myeusi ya nailoni. Waithaka alikuwa amemwagiza dereva ainunue pwani, iwe zawadi kwa mtoto wake.

"Ni maembe ya epo," Wanjiro alisema, akifuta vumbi kwenye majani kama mtu anayemfuta mtoto makamasi.

"Epo ni nini?" Mwaitu aliuliza kwa Kiswahili chake cha kuku.

"Ni tunda la Wazungu, Mwaitu. La mviringo."

"Na kama ni la Wazungu, mbona ni embe?"

"Ni embe, lakini limefanana na epo. Jekundu shavu moja. Na halina nyuzi. Unakula, meno yanabaki safi."

Mwaitu alikuwa amebakiza meno machache, na kila Januari alipigana vita na maembe ya kienyeji, akikaa mlangoni na kijiti akichokoa nyuzi mpaka jua linatua. Aliiangalia ile miche kumi na moja. "Bila nyuzi kabisa? Basi hiyo itapandwa bondeni."

Mumbua alikuwa akipeta kunde. Ungo ulisimama hewani. "Mwaitu, bondeni ndipo napanda mbaazi."

"Mbaazi ni mbaazi, zitamea hata kule juu kwenye mawe. Na sikuondoi kabisa, usinune. Nampa huyu mpaka miti izae. Ikizaa vile anavyosema, bondeni ni kwake. Ikikataa, utarudi na mbaazi zako na hakuna mtu atakusumbua tena."

Ikikataa. Mumbua alilibeba neno hilo mpaka nyumbani kwake, akalala nalo.

Kesho yake asubuhi Wanjiro alifika mlangoni akiwa amekumbatia mche mmoja. "Mama Kilonzo," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe, "Baba alileta kumi na moja. Kumi inatosha bondeni. Huu ni wako."

Angeuleta kwa majivuno, Mumbua angejua la kufanya. Lakini msichana aliuleta kwa moyo mweupe, na hilo ndilo lilimchoma zaidi. Yaani mtu anakunyang'anya shamba, halafu anarudi kukupa mche mmoja, nawe useme asante. Alisema asante. Aliupanda nyuma ya nyumba, karibu na mahali pa kuogea, ambapo maji machafu yangeunywesha bila yeye kujisumbua.

Mwezi huo huo bwana shamba aliitisha mkutano sokoni Mbumbuni, wa watu wote waliokuwa na miche ya kubebesha, yaani ya kuunganishwa mti juu ya mti. Bwana shamba aliitwa Musyoka, kijana wa Kwa Vonza, na Kikamba chake kilikuwa kile cha Kitui, kinachokimbia na kukata kona. Wanjiro alishika neno hapa na pale, kwa kuwa Kikuyu na Kikamba ni majirani, kisha akapotea. Akamsogelea Mumbua. "Niambie, dada. Polepole."

Basi Mumbua akamtafsiria. Alitafsiri vizuri, usidhani alianza na ubaya. Shimo liwe la futi mbili kwenda chini na mbili kwa upana. Udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza. Umwagilie mara mbili kwa wiki mpaka mti ushike. Zungushia miiba, mbuzi asifike. Wanjiro alikuwa akirudia kila kitu kwa midomo kama mtoto wa shule.

Kisha Musyoka akainua mche mmoja juu, akaonyesha kwa kidole pale kwenye kovu, juu kidogo ya udongo, palipofungwa na utepe wa nailoni.

"Mnaona hili fundo? Chini yake ni mwembe wa kienyeji, ule wenu wa nyuzi. Juu yake ndiyo epo. Huyu wa chini ni yaya. Amebebeshwa mtoto wa mwenyewe. Sasa niambieni, yaya akianza kuzaa wake, huyu wa mgongoni atapata uji?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja akapiga kelele, "Atakufa njaa!"

"Atakufa njaa! Kwa hiyo chochote kinachochipua chini ya fundo, kata. Kikiwa kidogo, kwa kucha. Usikihurumie hata kikipendeza. Ukikiacha kitammaliza aliyebebwa, utakuwa umepanda mti wa nyuzi kwa jasho lako."

Wanjiro alikuwa akitabasamu tu kwa sababu wengine wanacheka. Akamvuta Mumbua kanga. "Wanacheka nini? Amesema nini?"

Mumbua alikuwa na jibu lote mdomoni. Lilikuwa fupi, halikuwa na neno gumu. Akamtazama yule msichana, shingo yake nyororo, macho yake yanayongoja, na akaona mbaazi zake kule juu kwenye mawe, manjano na fupi kama nywele za mgonjwa.

"Anasema tena juu ya mbuzi," alijibu.

"Ah, mbuzi!" Wanjiro akacheka, akiwa amechelewa nyuma ya wengine wote.

*

Mvua ilikuja nzuri mwaka ule. Miche yote ikashika. Kila wiki Mumbua alitafuta sababu ya kupita bondeni, mara kuni, mara mbuzi amepotea, na kila akipita jicho linashuka chini ya fundo. Mwezi wa Februari akaona anachokitafuta. Vichipukizi viwili, vitatu kwa kila mti, vinene, vyekundu kwanza halafu kijani cha kung'aa. Na kule juu ya fundo, mtoto wa epo amedumaa, majani manne tu, yamejikunja kwa jua.

Wake mwenyewe, ule wa mahali pa kuogea, ulichipua vilevile. Alivikata kwa kucha asubuhi wakati wa kunawa uso. Vilikuwa laini, vinavunjika tap, na ukucha unabaki na harufu ya embe bichi siku nzima.

Siku moja Wanjiro alimwita kutoka bondeni. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mti wa kwanza, kisu mkononi.

"Mama Kilonzo, wewe unajua shamba kuliko mimi. Hebu ona. Hiki cha juu kinanyauka, hivi vya chini vinanawiri. Nikate hiki cha juu, ili nguvu zote ziende kwa vizuri?"

Hakuna mtu mwingine aliyekuwepo. Kunguru tu juu ya mgunga.  Angeweza kusema usikate. Neno moja. Angeweza hata kusema sijui, umngoje bwana shamba.

"Miti ni yako," alisema. "Mwenye mti ndiye anajua."

"Ndiyo, lakini wewe ungefanya nini?"

"Mimi nimechelewa, nimeacha sufuria motoni."

Alipofika juu kilimani aligeuka. Wanjiro alikuwa akihama kutoka mti mmoja hadi mwingine, anainama, anakata, anainuka, anainama tena. Alikuwa akiimba wimbo wa kwaya ya kanisani. Alikata yote kumi.

Usiku huo Mumbua alikula vizuri na akalala vizuri. Nisidanganye.

Miaka mitatu ikapita. Wanjiro alizaa msichana, akajifunza Kikamba mpaka akawa anagombana nacho sokoni. Miti yake bondeni ilipanda juu kama iliyoitwa. Watu waliopita njiani walisimama. "Huyu wa Waithaka ana mkono wa kupanda!" Mumbua alisikia, akaumia, ingawa alijua wanachosifu ni nini. Ni ajabu mtu kuumwa na sifa za kuni.

Januari ya 1984 mti wake mwenyewe, mfupi, usiofika hata paa la nyumba, ulizaa maembe saba. Ya mviringo, manjano, shavu jekundu. Alipeleka matatu kwa Mwaitu kwenye kiondo kipya. Yule mama alikula la kwanza, maji yanamtiririka mpaka viwikoni, akalamba kokwa, akaliangalia kokwa, halafu akapitisha ulimi kwenye meno yake machache.

"Hakuna uzi," alisema. "Mumbua! Hakuna hata uzi mmoja! Kumbe una mkono hivi na ulikuwa umenificha?"

Mumbua alitamani ile dakika isimame hapo. Lakini Wanjiro naye alikuwepo, ameketi kwenye kigoda na mtoto mapajani, na akapiga makofi kwa furaha ya kweli kabisa. "Si niliwaambia? Sasa yangu yakianza, tutalisha soko zima!" Kisha, walipobaki wawili, akauliza kwa sauti ya chini, "Miti yangu ni mikubwa mara tatu, na haijatoa hata ua. Unafanya nini ambacho mimi sifanyi?"

"Mbolea ya mbuzi," Mumbua alisema.

Wanjiro akabeba mbolea ya mbuzi mwezi mzima.

Kisha mvua ya mwaka huo ikakataa. Wanaokumbuka themanini na nne wanaikumbuka kwa mahindi ya manjano ya serikali, yaliyonuka meli na kuumiza tumbo. Mto ulibaki mchanga. Watu walichimba shimo la kimo cha mtu ili kupata kibuyu kimoja. Mumbua alichota debe moja la kupikia, na maji ya kunawa akautilia mti wake. Wanjiro alichota debe la kupikia, halafu akarudi, akachota la bondeni. Kila siku, na mtoto mgongoni. Kikombe kimoja kwa kila mti, anamimina polepole kwenye shina kama anayempa mgonjwa dawa. Midomo yake ilipasuka. Viatu vilimwishia, akatembea bila.

Mumbua alikutana naye njiani mara nyingi. Mara moja Wanjiro alisimama kupumua, akatua debe, akasema, "Ikifa sasa, baada ya yote haya, nitalia mpaka Baba anisikie Sultan Hamud."

"Haitakufa," Mumbua alisema. Ilikuwa kweli. Mwembe wa kienyeji haufi.

*

Bondeni kulizaa Januari ya 1986. Miti kumi ilizaa kwa pamoja, maembe mengi mno, matawi yakainama. Ndolo alikuja kutoka kazini kuyaona. Mwaitu alishuka na fimbo yake. Wanjiro alichagua lililoiva zaidi, dogo, refu, kijani lenye madoa, akaliosha kwa maji, akampa kwa mikono miwili.

Mwaitu aliuma. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akaingiza vidole viwili mdomoni akavuta uzi, ukaja, ukaja tena, mrefu kama wa kushonea viondo.

"Linanuka mafuta ya taa," alisema, akatema. "Wanjiro, hili ndilo la Wazungu?"

Ndolo alijaribu kucheka. Wanjiro hakucheka. Alichukua jingine akaliuma, na jingine kutoka mti wa pili, na jingine kutoka wa tatu. Alipofika wa nne alikuwa anauma huku machozi yanashuka, na hakuyafuta.

"Jumapili baada ya kanisa tutakaa," Mwaitu alisema. "Nilisema neno langu wakati ule, na kila mtu alilisikia."

Mumbua alikuwa amelisikia. Usiku ule alitoa mbegu za mbaazi kwenye chungu, akazichambua.

Alhamisi Musyoka alikuja tena Mbumbuni. Wanjiro alifunga maembe mawili kwenye leso ili akamwonyeshe, na Mumbua akaenda naye, kwa sababu kukaa nyumbani kungekuwa kama kukiri. Bwana shamba alikuwa amenenepa kidogo, lakini Kikamba chake cha Kitui kilikuwa kikikimbia vilevile. Akasema juu ya shimo. Akasema juu ya samadi. Akainua mche.

"Huyu wa chini ni yaya. Amebebeshwa mtoto wa mwenyewe. Yaya akianza kuzaa wake, huyu wa mgongoni atapata uji?"

Watu wakaangua kicheko, na Wanjiro akacheka nao, safari hii kwa wakati mmoja na wengine. Alicheka vizuri. "Kwa hiyo chochote kinachochipua chini ya fundo, kata." Kicheko chake kikakatika katikati.

Akainua mkono. "Bwana shamba, hiyo umeanza kusema lini?"

"Ipi, mama?"

"Ya yaya."

Musyoka akatabasamu. "Hiyo? Hiyo nasema tangu niajiriwe. Si ndiyo ya kwanza kunitoka nikiona mche? Waulize hawa wazee, wamechoka nayo!"

"Tumechoka nayo!" wazee wakaitikia.

Wanjiro akaketi. Hakumwangalia Mumbua. Alifungua leso, akaangalia yale maembe mawili, akaifunga tena.

Walirudi kwa miguu mpaka wakavuka mto mkavu. Hapo Wanjiro akasimama kwenye mchanga. Akasema kwa Kikamba, na Mumbua hakuwahi kukisikia Kikamba kikiwa baridi hivyo, "Ulisahau?"

"Nilisahau," Mumbua alijibu kwa Kiswahili, bila kujua kwa nini amekimbilia huko.

"Na siku ile nilikuwa na kisu. Nilipokuuliza. Pia ulisahau?"

"Sikukuambia ukate."

"Hukuniambia nisikate." Wanjiro akamtazama muda mrefu, kama anayesoma barua yenye mwandiko mbaya. "Mwaka mzima nimebeba maji. Ulikuwa unanipita njiani. Ulikuwa unanisalimia." Kisha akasema, "Jumapili mimi sitasema kitu. Nataka nione utafanya nini."

Akatangulia. Mumbua alimfuata kwa mbali, na katikati ya aibu ile yote, jamani, bado aliona jinsi Wanjiro anavyotembea, wima, bila kuyumba, na akamwonea wivu hata kwa mwendo.

Jumapili walikaa uani kwa Mwaitu. Ndolo alianza kumtetea mkewe, Mwaitu akamnyamazisha kwa fimbo. "Wanjiro, una neno?"

"Sikukata vya chini ya fundo, Mwaitu. Nilikata cha juu. Sikujua."

"Hukujua vipi na bwana shamba alisema?"

"Sikumsikia."

 Mumbua alihesabu kuku uani. Walikuwa sita. Akawahesabu tena.

"Basi," Mwaitu alisema. "Mumbua, bondeni ni kwako. Kata hiyo miti uchome makaa."

"Asante, Mwaitu," Mumbua alisema.

*

Jumatatu alishuka na panga. Mwaitu alisisitiza kwenda naye, na njia nzima aliongea, akimshika Mumbua mkono ili asiteleze. Mumbua hakuwahi kushikwa mkono na huyo mama.

"Nilikosea, mwanangu. Nilitazama ugeni nikasahau aliye nyumbani. Wewe ndiye mkulima wa boma hili. Umepewa mche mmoja, ukatoa dhahabu. Yeye kumi, akatoa nyuzi. Ni mkono, hakuna kingine. Wa dukani ni wa dukani. Nimemwambia Ndolo ampeleke tu Sultan Hamud akamsaidie babake kupima sukari, shamba hili litakuwa nawe."

Miaka mitano Mumbua alikuwa akingoja maneno hayo. Alikuwa ameyatunga mwenyewe kichwani, akichota maji, akipalilia mawe, na hata sauti ya Mwaitu aliijua itakavyokuwa. Sasa yalikuwa yakisemwa yote, moja baada ya jingine, na yalikuwa yakimpita. Yalikuwa yakimwendea mwanamke mwingine, Mumbua mwenye mkono, aliyetoa dhahabu, ambaye hajawahi kuficha neno. Mwanamke huyo ndiye aliyeshikwa mkono. Na Mumbua, yule mwenye panga, alimwonea kijicho.

Walifika mti wa kwanza. Shina lilikuwa nene kama paja. Aliinua panga. Pale chini, karibu na udongo, aliona kovu dogo, safi, lililofungwa na gome, mahali kisu cha Wanjiro kilipopita.

Panga likashuka pole pole, bila kukata.

"Umechoka?" Mwaitu aliuliza.

"Mwaitu, hakuna mkono."  "Bwana shamba alisema kwa Kikamba. Mimi ndiye nilikuwa namtafsiria. Hilo la fundo sikulitafsiri. Nilimwambia ni mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Hakukuwa na mbuzi. Niliacha neno makusudi. Mti wangu nilikata vya chini, kila asubuhi. Yake nilinyamaza. Akaniuliza tena, nikanyamaza tena."

Mwaitu aliuachilia mkono wake. Alikaa chini kwenye majani makavu, jinsi alivyokuwa, bila kutafuta jiwe. 

"Themanini na nne," alisema. "Mtoto wa watu alibeba maji hapa, na mtoto mgongoni, mimi nikila mahindi ya manjano nikisema, huyu atapata faida yake. Nawe ulikuwa ukiangalia akimwagilia kuni." Akanyoosha mkono. "Nipe hilo panga."

Mumbua alidhani atapigwa nalo. Mwaitu alilitumia kuinukia, akapanda kilima peke yake, akikataa kushikwa.

Bondeni kulibaki kwa Wanjiro, na mbaazi zikarudi kwenye mawe. Hakuna aliyelizungumza kanisani, lakini kwa miezi mingi Mwaitu alipokea chakula cha Mumbua na kukiweka kando, akala cha Wanjiro. Ndolo hakumsalimia Mumbua mpaka Krismasi. Kivuva aliporudi kutoka Mombasa aliambiwa, akavuta kiti nje, akakaa hapo na sigara zake.

Kuhusu miti, Musyoka alisema isichomwe. Mizizi ya miaka mitano, iliyopita ukame ule, hiyo ni mali. Ikatwe usawa wa kiuno, iachwe ichipue, na Oktoba ibebeshwe upya. Vijiti vya kubebesha vitoke mti wowote wa epo ulio karibu.

Ulio karibu ulikuwa mmoja tu, nyuma ya nyumba ya Mumbua.

Alivikata mwenyewe, thelathini, ncha nene zilizovimba, zile ambazo zingezaa msimu ujao. Mti ukabaki kama kuku aliyenyonyolewa. Akavifunga kwa kitambaa chenye maji, akashuka navyo bondeni.

Musyoka alikuwa ameonyesha mara mbili tu, na Wanjiro alikuwa tayari ameanza peke yake. Anapasua chipukizi katikati, anachonga kijiti pande zote mbili kama kabari, anakiingiza, gome kwa gome. Mumbua alijaribu kuchonga kimoja, kikakatika. Akajaribu cha pili, kikatoka kama kijiko. Yule mwingine alikuwa na vidole vinavyojua. Miaka kumi na mitano ya jembe, na bado mpima sukari ndiye mwenye kisu chepesi! Hata siku hiyo, hata pale, lilimuuma.

"Wacha kuharibu," Wanjiro alisema bila kuinua macho. "Shika hapa mimi nifunge."

Mumbua akapiga magoti, akashika kiungo kwa vidole viwili. Wanjiro akaanza kuzungusha utepe wa nailoni kutoka chini kwenda juu, akiuvuta kwa nguvu.

"Usifikiri nimekusamehe," alisema.

"Sijafikiri."

"Basi shika vizuri. Unatikisika."